Mianzi ya Nyumba ya Saochu

Ndugu msomaji, kutengeneza mwanzi wa kuvulia samaki, kwa watu wengi wa kwetu, si kazi ya kumfanya mtu aitwe fundi. Mtoto wa pwani akitaka kuvua hukata ufito uani, akafunga mshipi na ndoana, akachimba chambo chake matopeni, na kabla ya magharibi amekwisha kurudi na samaki wawili watatu wa kukaangwa. Wazee wake hawana haja hata ya huo ufito, kwani wao huvua kwa mshipi wa mkononi, kwa nyavu au kwa madema. Kwa hiyo nikikuarifu kwamba iko nchi ambayo kijana huingia uanagenzi, akakaa miaka chini ya mwalimu akifagia karakana na kuchochea makaa, kusudi siku moja aruhusiwe kutengeneza mwanzi wa kuvulia, na kwamba mwanzi mmoja huweza kuchukua miezi kadhaa kabla ya kufika mikononi mwa mnunuzi, tafadhali usidhani nakufanyia mzaha.

Nchi hiyo ni Japani, na mji wenyewe ni Tokyo, ambao hadi mwaka 1868 uliitwa Edo. Mafundi wake wamelishikilia jina hilo la kale, na mianzi yao hadi leo hujulikana kuwa ni mianzi ya Edo. Makusudio yangu ni kukusimulia habari za nyumba moja ya mafundi hao, nyumba ya Saochu, ambayo nusura ifutike katika usiku mmoja. Lakini adabu ya ziara ni kupita kwanza kwa mkubwa, na mkubwa wa mafundi wote wa Edo ni Tosaku.

Katika zama hizo Japani ilitawaliwa na mashoguni wa ukoo wa Tokugawa. Amani ilikuwa ndefu, na askari wa jadi waitwao samurai walitembea na panga mbili kiunoni bila ya vita ya kupigana. Wengi wao wakageukia maji. Shoguni mmoja, Tsunayoshi, alikuwa ametoa amri za kuwahurumia viumbe wote wenye roho, na uvuvi wa kujifurahisha ukaingia katika mambo yaliyokatazwa. Alipofariki mwaka 1709 amri hizo zikaondolewa, na watu wa Edo wakarudi kwenye mifereji na ghuba yao kwa shauku kubwa. Mwaka 1723 samurai mmoja, Tsugaru Uneme, akaandika kitabu kizima juu ya uvuvi wa mwanzi, kitabu ambacho Wajapani hukihesabu kuwa cha kale kuliko vyote vya aina hiyo kwao. Huko kaskazini, katika himaya ya Shonai, wakubwa waliuona uvuvi kuwa ni sehemu ya mafunzo ya askari: mtu alitembea usiku kucha kuvuka milima hadi pwani, akiwa amebeba mwanzi mrefu usiokatwa hata mahali pamoja. Mianzi ya Shonai ni hadithi nyingine, nami naiacha hapo.

Basi katika miaka ya 1780 samurai mmoja aliyekuwa akiutumikia ukoo wa Tokugawa wa Kishu aliacha upanga, akashika kisu cha mwanzi, akafungua duka mbele ya hekalu moja katika mtaa wa Inaricho. Jina la duka lilikuwa Taichiya Tosaku. Sijui kama tunaweza kulipima vizuri tendo hilo sisi tusioishi katika jamii ile, ambamo samurai alikuwa juu na mfanyabiashara alikuwa chini kabisa. Alishuka ngazi zote kwa hiari yake. Wanafunzi wake, na wanafunzi wa wanafunzi wake, ndio waliojaza mji ule mafundi, na jina la Tosaku limerithiwa kizazi baada ya kizazi hadi wakati wetu huu.

Sasa tuingie karakanani, maana hapa ndipo penye utamu.

Mwanzi wa Edo haukuwa kipande kimoja. Mtu wa mjini aliyepita katika vichochoro vyenye watu wengi hakuweza kubeba ufito wa urefu wa nyumba. Kwa hiyo fundi aliukata, akatengeneza vipande vinavyochomekana, vikifungwa pamoja huwa mzigo mdogo wa kubebwa kwapani. Lakini ukishaukata mwanzi umeua mkunjo wake wa asili, ule unaouwezesha kupinda kutoka nchani hadi shinani bila ya kukatika. Kazi yote ya fundi ni kuurudisha uhai huo alioutoa kwa msumeno.

Mianzi hukatwa majira ya baridi, wakati maji na utamu ndani yake vimepungua, kwani mwanzi uliokatwa katika majira ya joto huwa chakula cha wadudu. Hukaushwa juani, kisha huwekwa darini mwaka mmoja, miwili, mitatu, pengine zaidi. Na si mwanzi wa aina moja. Upo ule mwembamba ulionyooka uitwao yadake, ambao ndio uleule uliotengenezewa mishale ya vita. Upo hoteichiku, ambao pingili zake karibu na shina hubanana na kuvimba. Upo madake, mnene, ambao hupasuliwa na kuchongwa taratibu mpaka ukatoa ncha nyembamba kama ukuti wa mnazi. Kwa mianzi mingine ya baharini ncha hiyo ilichongwa kwa mfupa laini wa mdomo wa nyangumi.

Hatua inayofuata ndiyo mafundi wenyewe wanayoiheshimu kupita zote. Fundi huketi mbele ya rundo la mianzi mikavu na kuchagua: hiki kiwe shina, hiki kifuate, hiki kiwe cha tatu. Hapimi kwa rula tu. Hukunja, husikiliza, hutazama umbali wa kifundo na kifundo. Vipande vinavyofanana kwa sura vinaweza kupingana kwa tabia, kimoja kikawa kigumu na jirani yake mlegevu, na mwanzi wa namna hiyo ukinasa samaki hupinda kwa kuvunjika moyo. Kosa lililofanywa katika kuchagua halisahihishwi na mapambo.

Halafu unakuja moto. Kila kipande hupitishwa juu ya makaa, huku kikigeuzwa bila kukoma, mpaka kinalainika. Ndipo fundi anakiingiza katika mfuo wa kijiti maalumu na kukikaza hadi kinanyooka. Moto ukizidi kidogo mwanzi huungua, ukipungua kidogo utarudi katika upinde wake baada ya wiki chache. Kisha vifundo vya ndani hutobolewa, vinywa vya vipande hutanuliwa, na mahali pa kuchomekea huzungushiwa uzi wa hariri, mzunguko ukigusana na mzunguko, ili mwanzi usipasuke. Kiungo kilichofanywa sawasawa, ukikichomoa, hutoa mlio mdogo kama wa kizibo cha chupa.

Mwisho hupakwa utomvu wa mti uitwao urushi. Utomvu huo una maajabu yake. Ukiwa mbichi hubabua ngozi ya asiyeuzoea, na tofauti na rangi zetu za dukani, haukauki kwa jua wala kwa upepo. Hukauka kwa unyevunyevu. Fundi huifungia mianzi ndani ya kabati lenye joto na umande, akasubiri, akaisugua, akapaka tena, akaifungia tena. Mgeni anayeshika kazi ile iliyokwisha, nyeusi au nyekundu ya kahawia, iking'aa kama jicho la paa, huona urembo. Ukweli ni kwamba urembo huo kwanza ni koti la mvua.

Utaniuliza, ndugu msomaji, aina zake ni ngapi. Ni rahisi zaidi kuuliza samaki ni wangapi, kwa sababu fundi wa Edo hakutengeneza mwanzi wa kuvulia tu. Alitengeneza mwanzi wa samaki fulani, katika maji fulani, katika mwezi fulani.

Mdogo kuliko yote ni ule wa samaki aitwaye tanago. Kiumbe huyu wa mabwawa na mifereji ana urefu wa kidole, na hutaga mayai yake ndani ya kombe hai la maji baridi, likamlelea. Wavuvi wake humtafuta majira ya baridi, na, kinyume cha desturi ya wavuvi wote ninaowajua mimi, hushindana nani kamvua aliye mdogo zaidi. Ndoana yake hunolewa chini ya kioo cha kukuzia. Nimepata kuushika mwanzi wa namna hii mara moja tu. Mzee mmoja wa Kijapani, mhandisi mstaafu aliyekuja kuitazama barabara aliyoisimamia ujanani, alinifungulia kisanduku kisichozidi ukubwa wa kisanduku cha kalamu za mwanafunzi, akatoa vijiti vyeusi, akavichomeka kimoja baada ya kingine, na kumbe vilikuwa mwanzi kamili. Uzito wake nilishindwa kuuhisi. Alinitaka nimguse ncha kwa kucha. Mtetemo ukaja hadi kiganjani. Akasema mwanzi huo ulikuwa wa baba yake, kisha akaanza kuvichomoa vipande, na vile vilio vidogo nikavisikia kwa masikio yangu.

Upo mwanzi wa haze, samaki wa matopeni katika ghuba ya Tokyo ambaye katika majira ya vuli huvuliwa na wakubwa kwa wadogo, na kwake mafundi walibuni mwanzi ambao mshipi hupita ndani kwa ndani, katika tundu la mwanzi wenyewe. Upo wa funa, ndugu wa kambare mamba wa mabwawani kwa sura ya mashavu, ingawa wataalamu wa samaki watanikemea kwa mfano huo, kwa kuwa kwa kweli ni wa jamaa ya kapi. Upo wa ayu, mrefu, wa mito iendayo kasi.

Lakini uliogusa moyo wangu ni mwanzi wa aogisu. Samaki huyu aliishi katika maji mafupi ya ghuba, na alikuwa mwoga kupita kiasi: maji yakigonga ubavu wa mtumbwi tu, amekwisha kutoweka. Wavuvi wa Edo wakapata hila. Mashua iliwachukua hadi kwenye mchanga, ikamshusha kila mmoja juu ya ngazi ya mbao ya miguu minne iliyosimamishwa majini, ikaondoka. Mtu alikaa juu ya ngazi yake saa nyingi, kimya, kama korongo, mwanzi wake mrefu mkononi. Katika picha za zamani utaona safu ya ngazi hizo katikati ya bahari, kila moja na mtu wake, na jambo hilo halifanani na kitu kingine chochote duniani. Baada ya vita kuu ya pili ghuba ikafukiwa ili kujengwa viwanda na bandari, maji yakachafuka, na kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa ngazini ulikuwa umekwisha. Aogisu mwenyewe alitoweka katika ghuba ya Tokyo. Mianzi yake ingalipo, imelala katika mifuko ya kitambaa, imara vilevile, ikiwa imeishi kuliko samaki iliyotengenezewa.

Naandika habari hizi nikiwa mtoto wa nyumba ya wasusi wa madema, huko mwambao wa Pangani. Marehemu baba alisusa, babu alisusa, na leo aliyebaki ni ami yangu peke yake, aliyepita miaka sabini. Msomaji wa bara asiyejua dema afikirie kapu kubwa la pembe sita, lililosukwa kwa fito za mwanzi zilizopasuliwa, lenye mdomo uingiao ndani kama faneli. Samaki huingia kufuata chambo na njia ya kutokea haioni. Macho ya msuko wake nayo huwa na pembe sita. Ukubwa wa macho hayo ndio siri ya kazi, kwani yakiwa makubwa mno samaki hutoka, na yakiwa madogo mno utawavua na watoto wao, kesho ukakosa cha kuvua. Ami hupima kwa vidole viwili. Vijana wa siku hizi wengi hununua wavu wa waya dukani, wakaukunja na kuufunga, na dema likawa tayari kabla ya jua kutua. Silaumu, maana mtu ana watoto wa kulisha. Tofauti ni kwamba dema la fito likipotea baharini huoza, na la waya likipotea huendelea kuvua muda mrefu bila ya mwenyewe.

Nitarudi kwa ami. Sasa tumfikie Saochu.

Katika lugha ya Kijapani neno sao ni mwanzi wa kuvulia, na chu ni herufi ya kwanza ya jina la Chukichi. Nakane Chukichi alizaliwa mwaka 1864, miaka minne kabla Edo haijabadilishwa jina, akafariki mwaka 1930. Alikuwa wa tawi lililotokana na mti wa Tosaku, na wapenda mianzi humtaja kwa neno wasilolitoa ovyo, neno la kumaanisha fundi aliyefikia kilele. Baada yake jina la Saochu likashikwa na wa pili, kisha na wa tatu, Otokichi, aliyeishi na kufanya kazi Honjo, upande wa mashariki wa mto Sumida, mtaa wa mafundi na watu wa kawaida, nyumba za mbao zikiwa zimeegemeana.

Otokichi alikuwa na mke, mama mzee, watoto wa kiume wanne na binti mmoja, Kayoko, aliyezaliwa mwaka 1933. Binti huyo alipokuwa mtu mzima aliandika habari za nyumba yao, na kutoka kwake ulimwengu umezijua. Vita vilipokaribia, watoto wa Tokyo walihamishwa mjini; Kayoko akapelekwa kwa shangazi yake katika mji wa Numazu, kusini-magharibi, karibu na mlima Fuji. Waliobaki Honjo wakaendelea na maisha yao.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi, 1945, ndege za Marekani aina ya B-29, zaidi ya 270, ziliumwagia upande wa mashariki wa Tokyo mabomu ya kuwasha moto. Upepo ulikuwa mkali. Mitaa ya mbao iliwaka yote kwa pamoja, watu wakakimbilia mifereji, na mifereji haikuwafaa. Hesabu inayotajwa ni ya watu wapatao 100,000 waliokufa katika usiku huo mmoja, na zaidi ya 1,000,000 waliopoteza makazi. Kule Numazu mtoto wa miaka 11 alikuwa amesimama mlimani akiitazama mbingu nyekundu upande wa nyumbani kwao.

Baba, mama, bibi, kaka wawili wakubwa na mdogo wake wa mwisho: sita. Aliyenusurika ni kaka mmoja, Kisaburo, ambaye siku chache baadaye alifika Numazu na kumpa dada yake habari hizo.

Nimeitafakari mara nyingi hasara hiyo kwa jicho la mtoto wa fundi. Mianzi iliyowekwa darini miaka mitatu kungoja zamu yake ni kuni nzuri kuliko zote. Visu, vijiti vya kunyooshea, nyuzi za hariri, mitungi ya utomvu, hivyo vyote vinaweza kununuliwa tena kama iko fedha. Lakini kule kuchagua, kile kipande kufuata kile, hakukuandikwa mahali. Kulikaa katika mikono ya Otokichi, na mtoto aliyebaki alikuwa bado mvulana.

Baada ya vita yatima hao walitengana, kila mmoja akahangaika kwa jamaa na kwa watu baki katika mji uliojaa majivu na njaa. Kayoko alihama nyumba hii hadi ile. Na hapa pana jambo la ajabu katika kisa hiki, kwa sababu aliyemwokoa binti wa fundi alikuwa mteja wa fundi.

Iko sanaa ya Kijapani iitwayo rakugo. Msimuliaji mmoja hupiga magoti juu ya mto, mkononi ana kipepeo na kitambaa tu, akasimulia kisa cha kuchekesha kwa kuigiza sauti za watu wote waliomo. San'yutei Kinba wa tatu alikuwa bingwa wa sanaa hiyo, mtu aliyejulikana katika redio nchi nzima, na uvuvi ulikuwa wazimu wake. Wazimu wenyewe haukuwa mdogo: mwaka 1954, akirudi kuvua tanago katika mkoa wa Chiba, alikuwa akivuka daraja la reli kwa miguu akagongwa na gari moshi, akapoteza mguu wa kushoto. Akaendelea na sanaa yake, na akaendelea kuvua. Basi Kinba alikuwa akinunua mianzi yake kwa Otokichi. Aliposikia kwamba binti wa Saochu yu hai na hana pa kukaa, alimchukua nyumbani kwake akawa mtoto wa nyumba.

Kutoka nyumba hiyo Kayoko aliolewa mwaka 1952 na msimuliaji kijana, Hayashiya Sanpei, ambaye baadaye televisheni ilimfanya kuwa mmoja wa watu waliochekesha Japani yote. Sanpei alifariki mwaka 1980, na mjane akasimama kuwaangalia wanafunzi wa mumewe. Mwaka 1985 alitoa kitabu cha kumbukumbu za utoto wake kwa ajili ya watoto, na mwaka 1991 kikafanywa filamu ya katuni. Mwaka 2005, miaka sitini baada ya ule usiku, kwa juhudi zake mnara wa ukumbusho wa waliokufa ukasimamishwa katika bustani ya Ueno. Ni mwendo mfupi wa miguu kutoka Inaricho, alikofungua duka lake yule samurai.

Na Kisaburo? Kisaburo alishika mwanzi. Baba yake hakuwapo tena wa kumwelekeza, wala kaka zake ambao kwa desturi wangetangulia kurithi. Yeye, mtoto wa tatu wa kiume, ndiye aliyekuja kuwa Saochu wa nne, na karakana yake ikawa katika wilaya ya Arakawa, kaskazini ya mahali nyumba yao ilipoteketea.

Alishika kazi hiyo katika miaka mibaya kuishika. Mianzi ya nyuzi za kioo ilikwisha kuingia madukani katika miaka ya 1950, nyepesi, rahisi, isiyoliwa na wadudu. Mwaka 1972 kampuni ya Kijapani ya Olympic ikatoa mianzi ya nyuzi za kaboni, na kuanzia hapo mtu aliweza kwenda dukani, akanunua kwa mshahara wa kawaida kifaa kilichofanya kazi nzuri kuliko mianzi mingi ya jadi. Nasema nzuri kuliko, na sitaki kukuficha. Anayetaka samaki wengi hana sababu ya kungoja mwanzi ukauke miaka mitatu. Mafundi wa Edo wakapungua, mmoja baada ya mwingine, watoto wao wakaajiriwa maofisini. Mwaka 1991 serikali ya Japani iliitangaza mianzi ya Edo kuwa sanaa ya jadi ya taifa, na mwaka 2013 ikafanya hivyo kwa mianzi ya Kishu, inayotengenezwa katika mji wa Hashimoto kwa uvuvi wa samaki mmoja tu wa mabwawani, ambaye akishavuliwa hurudishwa majini. Cheti cha serikali kina heshima yake, lakini mwanzi haununuliwi na cheti. Waliobaki wanaishi kwa wateja wachache ambao, kama Kinba, wanataka kuhisi mtetemo wa samaki mdogo ukipita katika kitu kilichowahi kuota.

Sasa nirudi kwetu, kama nilivyoahidi. Katika sikukuu ya Idi iliyopita tulikutana nyumbani, na shauri lililokuwa mbele ya ukoo lilikuwa la mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Amemaliza kidato cha nne, matokeo yake si ya kumwaibisha mtu, na nafasi katika chuo cha ufundi ameipata. Yeye akasema hataki. Anataka kukaa na babu yake ajifunze kususa madema. Dada yangu alikasirika, akamwambia kwamba mama yake hakuuza maandazi miaka kumi na mmoja ili mwanawe arudi kwenye fito. Ami hakutia neno. Nikatakiwa mimi niseme, kwa kuwa mimi ndiye mwenye stashahada na ndiye ninayekaa Dar es Salaam, sifa mbili ambazo ukooni huhesabiwa kuwa ni hekima.

Badala ya kutoa hukumu nikawasimulia habari za Saochu, kama nilivyokusimulia wewe. Ami alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza maswali mawili tu: wale watu hukata mianzi yao mwezi gani, na kama moto wao ni wa makaa au wa kuni. Nilipomjibu alitikisa kichwa kuafiki, kama mtu aliyepewa habari za jamaa aliye mbali, akasema na yeye hakati wakati wa mvua.

Dada yangu alikuwa akipembua mchele. Hakuinua uso. Akasema: "Yule binti alilishwa na mteja wa baba yake. Haya, wateja wa dema wako wapi? Nihesabieni."

Tulihesabu. Ami alitaja majina ya manahodha, mmoja baada ya mwingine, na kila jina alilotaja mpwa wangu alieleza kama mtu huyo bado anaweka madema ya fito au amehamia ya waya. Walipatikana saba. Wawili kati yao walikuwa wazee kuliko ami. Dada akasema saba si haba kwa mzee mwenye shamba la minazi, ila ni wachache kwa kijana atakayetaka kuoa. Mpwa wangu akajibu kwamba iko hoteli moja ya watalii inayotaka madema madogo ya kutundikia taa, na ami akakunja uso, maana dema la kutundikia taa, kwa maneno yake, halina haja ya mdomo.

Chuo kinafunguliwa Januari. Hadi hapo wamekubaliana kwamba kijana atakaa kwa babu yake asubuhi, na jioni atamsaidia mama yake. Fito walizokata pamoja zimelala darini, zikiwa zimefungwa matita manne, na ami ameagiza zisiguswe hadi zikauke.